Ndoo Mbili na Utambi wa Udongo

Kiangazi cha kusini mwa Pemba huanza kuuma vuli ikishakata, na hakiachi mpaka masika yaingie mwezi wa Machi. Ni miezi michache, lakini ndiyo miezi ambayo tungule hupanda bei na mchicha wa nyuma ya nyumba hunyauka huku unauangalia. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo, Februari na Machi. Anayetaka mboga ya uani kwake hana budi kubeba ndoo ya maji alasiri akiwa na saumu, saa ambayo mwili hautaki kunyanyua hata kata.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Chokocho, au wa kijiji chochote cha pwani kinachofanana nayo, mwenye ua mdogo, kisima cha mbali au cha maji ya munyu, na ndoo mbili tatu kuukuu. Utatengeneza chombo kinachoweka maji chini na kuyapandisha chenyewe mpaka kwenye mizizi, ili safari ya maji iwe ya kila baada ya siku kadhaa. Kwenye chumvi nitakaa sana, na nina sababu: maelekezo mengi ya vyombo hivi yametoka kwa watu ambao maji yao ni baridi kabisa, na ukiyafuata neno kwa neno hapa pwani, mimea itakufa hodhi ikiwa imejaa.

Kanuni yake umeiona kwenye kandili. Utambi umezama chini, mafuta yanapanda yenyewe, na yanapanda kwa kasi ile ile yanayoungua juu. Udongo nao una vijia vyembamba baina ya punje zake, na maji huvipanda hivyo hivyo. Mmea ukinywa, mengine hupanda, usiponywa, hayapandi. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, kubwa kuliko hata kupunguza safari za kisimani. Mmea haulewi maji leo ukafa kiu kesho. Tungule hasa hulipenda jambo hili, kwa maana lile doa jeusi la kitakoni mwa tunda, linalowafanya wengi waseme mbegu ni mbovu, mara nyingi hutokana na maji ya leo kupita kiasi na kesho hakuna, mmea ukashindwa kuifikisha chokaa kwenye tunda.

Wazo hili ni la zamani. Kitabu cha kilimo cha Mchina Fan Shengzhi, cha karne ya kwanza kabla ya Kristo, kinaeleza kufukia mitungi ya maji kati ya matikiti ili udongo unywe kidogo kidogo. Katika miaka ya 1990 mkulima wa nyanya wa Florida, Blake Whisenant, alitoa sanduku la plastiki lenye hodhi chini, likauzwa kwa jina la EarthBox, na wasiokuwa na fedha za kulinunua wakaliiga kwa ndoo. Sisi tunaanzia kwenye ndoo moja kwa moja.

Ndoo mbili

Tafuta ndoo mbili za lita 20 za aina moja, zinazoingiana. Zilizokuwa na mafuta ya kupikia au siagi ya mikate ndizo nzuri zaidi. Za rangi ya maji zinafaa zikikwanguliwa na kuoshwa mpaka rangi isibanduke tena. Zilizobeba dawa ya wadudu au oli ya injini usizichukue hata ukipewa bure, kwani plastiki hunywa kilichokuwamo na kuja kukitema polepole. Kama una hiari ya rangi, chukua isiyopitisha mwanga. Ndoo nyeupe nyembamba hupitisha jua, na maji yaliyomo huota ukoga wa kijani.

Ingiza moja ndani ya nyingine na uangalie pengo lililobaki chini. Ukiona zimelaliana kabisa, weka mawe matatu yanayolingana katika ile ya nje, ili ya ndani isimame juu yake kiasi cha sentimita 9. Pengo hilo ndilo hodhi yako. Kwa kitako cha ndoo cha sentimita 26 hivi, utapata karibu lita 4 za maji.

Sasa matundu. Tia msumari wa inchi 4 kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, ushike kwa koleo. Fanya kazi hii nje, upepo ukikupiga mgongoni, watoto wakiwa mbali, maana moshi wa plastiki si wa kuvuta. Katika kitako cha ndoo ya ndani toboa vitundu ishirini hivi vya ukubwa wa punje ya choroko, vya kupitisha hewa. Katikati kata tundu moja kubwa la kupitisha kopo la plastiki la mtindi, lakini liwe dogo kidogo kuliko mdomo wa kopo, ili kopo lining'inie na lisianguke. Kopo lenyewe litoboe kila upande na chini. Likining'inia, kitako chake kiwe juu ya kitako cha ndoo ya nje kwa upana wa kidole kimoja tu. Likiwa fupi, maji ya mwisho yatabaki humo hayafikiwi na mtu. Kopo likiwa refu kuliko pengo, ongeza urefu wa mawe. Usilikate, kwa sababu ukilikata utapunguza hodhi bure.

Pembeni mwa kitako hicho hicho toboa tundu la bomba la plastiki la inchi moja. Kipande cha bomba chenye urefu wa kupita mdomo wa ndoo kwa shubiri moja kinatosha. Ncha ya chini ikate kwa mshazari, la sivyo itakaa bapa juu ya kitako na maji hayatatoka. Asiyekuwa na bomba akate mwanzi na kutoboa vifundo vyake kwa nondo. Utamtosha msimu mmoja au miwili kabla haujaoza.

Limebaki tundu moja, na ndilo linalosahauliwa sana. Ingiza ndoo ya ndani, pima kwa kijiti kutoka mdomoni mahali kitako chake kilipofikia, utie alama ubavuni mwa ndoo ya nje. Shuka chini ya mstari huo kwa upana wa kidole, toboa ndoo ya nje. Maji yakizidi yatatokea hapo, na ile nafasi ya kidole ni hewa ya mizizi. Bila tundu hili, mvua moja ya masika itaigeuza ndoo yako kuwa bwawa, na tungule haioti bwawani.

Kujaza kunataka subira mahali pamoja tu, nako ni kwenye kopo. Udongo wa kopo uwe umelowa kweli kweli na uushindilie kwa gumba, kwa kuwa huo ndio utambi. Ukiwa na mapengo, maji hayapandi. Sehemu iliyobaki ya ndoo ya ndani ijaze udongo wenye unyevunyevu, uigonge ndoo ubavuni ili utulie, usiukanyage. Kisha mimina maji kwa juu, mara hii ya kwanza tu, mpaka yachuruzike kwenye tundu la pembeni. Baada ya hapo maji yote hupita kwenye bomba.

Namna ya kujua hodhi imekwisha: chukua chelewa ndefu, ncha yake ya chini ichome kwenye kijipande cha ndara iliyokatika, uitumbukize ndani ya bomba. Ndara huelea. Hodhi ikijaa, chelewa inachomoza juu ya bomba, ikikauka, inazama. Weka alama ya uzi mwekundu, na mtoto wa miaka sita atakwambia lini utie maji.

Dumu na vifuu

Asiyekuwa na ndoo mbili ana dumu moja la mafuta ya kupikia la lita 20. Likate juu, chini kidogo ya mabega. Chukua vifuu vinne vya nazi, vile vya nusu yenye macho, na zibua jicho lile laini la kila kimoja. Vimegue ukingo kidogo kwa panga ili maji yapate pa kuingilia, kisha vifudikize kwenye kitako cha dumu. Vinasimama kama kuba nne ndogo, na ndani yake mna maji. Jicho lililozibuliwa hutoa hewa. Ukiliacha limeziba, hewa hubanika ndani na maji hayaingii. Liwekee kishada cha usumba juu ili udongo usipenye.

Bomba lisimamishe pembeni, ncha yake iguse kitako. Udongo unaojaa baina ya vifuu, unaofika mpaka chini, ndio utambi, kwa hiyo ushindilie vizuri. Tundu la maji ya ziada toboa ubavuni, usawa wa migongo ya vifuu. Dumu hili lina maji kidogo kuliko ndoo mbili, lita moja na nusu au mbili, na linafaa mchicha, kotmiri, vitunguu majani na mrihani. Usipande tungule humo kiangazi. Mti mkubwa utalimaliza kabla ya adhuhuri ya pili.

Kuna na njia ya tatu kwa mwenye kipande cha ardhi: chungu cha udongo kisichopakwa kitu, kifukiwe mpaka shingoni, kijazwe maji na kufunikwa. Maji hupenya ukuta wake polepole na kulisha mimea iliyopandwa kukizunguka. Katika kichanga chetu kinachopitisha maji kama chujio, njia hii haina mshindani kwa matango na maboga. Lakini huwezi kukihamisha, na mtu anayelima kwenye kiwanja cha kuazima ana sababu ya kupenda kitu cha kuhamishika. Sisi Wapemba tunajua kwamba mti uliopandwa ni dai. Ndoo haimtishi mwenye kiwanja.

Udongo wa ndani

Udongo wa shamba mtupu usiutie. Mfinyanzi hupandisha maji sana lakini hukaba hewa, mizizi ikaoza. Kichanga kina hewa tele lakini maji hayapandi juu zaidi ya shubiri. Changanya ndoo mbili za vumbi la makumbi au mboji iliyoiva, ndoo moja ya kichanga cha shamba, na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokaa mpaka haina harufu. Ukitumia mavi ya kuku, punguza iwe nusu ndoo, maana ni makali. Chukua gao la mchanganyiko uliolowa, ulibane. Likitoa matone mawili matatu, likakaa donge, kisha ukaligusa likasambaratika, basi ni sawa. Likibaki donge kama tofali, ongeza makumbi.

Hapa kuna mtego wa pwani. Makumbi mazuri kuliko yote ni yale yaliyokwisha kulainika, na makumbi yaliyolainika ni yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusuka kamba. Yanapopondwa, vumbi lake hubaki lundo pwani, bure, na mikono huwasha kwenda kulizoa. Limejaa chumvi. Lizoe, lakini litie kwenye gunia na ulisuuze kwa maji baridi mara tatu au nne, au uliache gunia wazi chini ya mchirizi wa paa kwa msimu mzima wa mvua. Kabla ya kulitumia, kamua maji yake ya mwisho na uyaonje kwa ncha ya ulimi. Ukihisi munyu, rudia. Makumbi mabichi ya jikoni hayana chumvi hiyo, ila hutoa maji ya rangi ya chai. Yaloweke siku chache na uyamwage.

Mchanga wa ufukweni usiguse.

Chumvi

Chokocho ndipo watu wanapopandia mashua kwenda Kisiwa Panza, na huko wakulima wameona maji ya bahari yakiingia kwenye mashamba na kuyafanya yasiote kitu. Tatizo lile kwa ukubwa wa shamba ndilo utakalolitengeneza kwa ukubwa wa ndoo, ukiwa hujalitazamia.

Sababu ni hii. Unapomwagia mmea kwa juu, maji hushuka na chumvi hushuka nayo. Katika ndoo yetu maji hupanda. Yakifika juu, jua huyanyonya yakaondoka, na chumvi haina pa kwenda. Kila hodhi unayoijaza kwa maji ya kisima huacha yake, hodhi baada ya hodhi. Utaona kwanza unga mweupe kwenye udongo wa juu na kwenye ukingo wa ndoo. Baadaye ncha za majani huungua kahawia, ya chini kwanza. Halafu mmea unanyauka mchana ilhali chelewa imesimama juu kabisa, na wewe unafikiri mmea una ugonjwa. Mtu asiyejua huongeza maji, naye anaongeza chumvi.

Dawa ya kwanza ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 4 likipigwa na mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 480. Toa moja ya tano kwa yanayopotea na yale ya mwanzo yanayosafisha paa, unabaki na lita 380 kutoka mvua moja ya vuli. Ndoo sita za mboga za majani hunywa kama lita 25 kwa wiki, kwa hiyo mapipa mawili yaliyofunikwa yatakuvusha kipande kikubwa cha kiangazi. Kwa paa la makuti jambo ni gumu zaidi, ila kipande cha turubai kilichotandazwa kwenye mteremko siku ya mvua kubwa hujaza pipa nacho.

Maji ya mvua yakiwa machache, yatie kwa miche kwanza. Mche mchanga hauna uvumilivu wa munyu. Mmea mkubwa unao kiasi. Ukilazimika kutumia maji ya kisima, changanya nusu kwa nusu.

Dawa ya pili ni kusuuza. Kila mwezi, au mara tu unga mweupe unapoonekana, nyanyua ndoo ya ndani na uiweke juu ya mawe. Kwangua ule unga wa juu uutupe. Mimina lita 10 za maji yasiyo na munyu kwa juu, polepole, ukingoja yazame kabla ya kuongeza, uyaache yachuruzike yote chini. Mwaga pia maji ya zamani yaliyobaki kwenye ndoo ya nje, kisha rudisha. Samadi kidogo itasombwa, hivyo ongeza magao mawili juu. Masika yatakufanyia kazi hii bure ukiifunua ndoo siku za mvua kubwa.

Dawa ya tatu ni kufunika uso wa udongo. Tandaza makuti makavu, nyasi au makumbi yaliyosuuzwa, unene wa vidole vitatu. Maji yakikosa kunyonywa na jua hupita ndani ya mmea, yakatoka kwa majani, na yanayotumika ni machache zaidi. Mtu mmoja mwenye matandazo hushinda watatu wenye ndoo kubwa.

Mbu

Hodhi iliyo wazi ni mazalio. Mbu hahitaji zaidi ya wiki moja au siku kumi kwa joto letu kutoka yai hadi kuruka, na wale wa mchana, wanaoeneza dengue, hupenda vyombo vidogo vya maji safi kuliko mabwawa. Zanzibar imehangaika miaka mingi kuishusha malaria, na hakuna haja ya kuirudishia mbu kwa sababu ya mchicha.

Kwa hiyo mdomo wa bomba ufunike kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, ukifunge kwa uzi wa mpira. Chelewa itapenya kwenye kitundu chake. Tundu la pembeni nalo liwekewe kipande kama hicho kwa ndani. Ukingo wa ndoo mbili ukiacha mwanya, uzibe kwa kamba ya usumba. Ukiona viluwiluwi wanacheza kwenye maji yanayotoka, acha hodhi ikauke kabisa siku moja kabla ya kujaza tena. Mmea utastahimili, wao hawatastahimili. Kuna historia nzuri hapa karibu: mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi, Unguja, vyoo vya shimo vilimiminiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zikatanda juu ya maji na kuwanyima pumzi viluwiluwi wa mbu wanaoeneza matende, sambamba na dawa walizopewa watu. Kwenye ndoo ya mboga hatuhitaji punje hizo, chandarua kinatosha, na plastiki ndogo ndogo kwenye udongo wa chakula siipendi.

Usitie samadi wala chai ya samadi ndani ya hodhi. Itanuka, na mbu wa usiku wataipenda.

Upande nini, lini

Mchicha ndio wa kuanzia, kwani hukupa jibu haraka na unavumilia munyu kuliko mboga nyingi. Mwaga mbegu juu, ufunike kwa udongo wa kupita tu. Siku kumi za mwanzo mwagia kwa kiganja kutoka juu, kwa sababu mzizi mfupi haujafikia unyevu unaopanda. Wengi hukosea hapa, wakaiamini hodhi kabla mmea haujaifikia. Wiki ya nne unaanza kuchuma. Kata juu, uache vifundo viwili vichipue tena.

Tungule, bilingani na pilipili oteshea kitaluni na uhamishe miche ikiwa na majani manne matano. Ndoo moja, mti mmoja. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu mkono wa Mpemba haupendi kuona nafasi tupu. Mti wa tungule uliojaa matunda unaweza kunywa lita mbili na zaidi kwa siku ya jua kali, maana yake hodhi ya lita 4 ni ya siku mbili tu. Kwa mti huo ahadi ya kutia maji mara moja kwa wiki haipo, na anayekuahidi hajaupanda. Mchicha na kotmiri ndizo zinazofika wiki. Ukitaka tungule ziwe tayari kwa Ramadhani ya Februari, mbegu ziingie kitaluni mwanzoni mwa Novemba, vuli ikiendelea, na mapipa yajazwe wakati huo huo.

Kotmiri ipande kipupwe. Kiangazi hutoa maua mapema na majani yanakuwa machungu. Bamia hustawi, ila hutaka ndoo yenye udongo wa kina. Maharage, karoti na vitunguu maji ni dhaifu mbele ya chumvi. Usivipeleke kwenye ndoo zinazojazwa kwa maji ya kisima. Mchaichai huota vizuri mno, mpaka mizizi ikajaza hodhi na kuziba bomba, kisha huwezi kuutoa ila kwa kuikata ndoo. Upe shimo la ardhini.

Weka ndoo mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, upande uliokingwa dhidi ya upepo wa bahari, maana kusi hubeba chumvi yake nayo. Jua la mchana kutwa huichoma plastiki ikapasuka kwa kugusa. Vazi la makuti yaliyosukwa kuizunguka huongeza maisha yake na kuipooza mizizi. Ziinue juu ya matofali kama kuku wanafika. Kwa mbuzi, matofali hayasaidii kitu, jenga ua wa chelewa na miti au uwe tayari kulima kwa ajili ya mbuzi.

Miche mizuri na mbegu za ziada mara nyingi zipo kwa jirani. Wanawake wengi wa shehia za Pemba wamepitia mafunzo ya bustani za jikoni, yakiwemo ya Community Forests Pemba na ya mradi wa Viungo, Mboga na Matunda, na bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yetu ya Mkoani atakwambia ni mbegu ipi ya tungule inayohimili joto letu.

Mavuno yakiisha, usipande mmea wa jamii ile ile kwenye udongo ule ule: tungule, bilingani na pilipili ni ndugu na hurithiana magonjwa. Mwaga udongo kwenye gunia, ondoa mizizi, utandaze juani siku mbili, uchanganye na ndoo moja mpya ya samadi na nusu ya makumbi. Chomoa kopo, ulisugue, kwa maana matundu yake yatakuwa yamezibwa na vinyweleo vya mizizi. Toa bomba uliangalie ukoga. Ndoo ya nje iliyopata ufa haishiki maji tena, lakini ndoo ya ndani haihitaji kushika maji, kwa hiyo usiitupe: itoboe iwe ya ndani ya seti nyingine, na utafute ndoo nzima mbili, moja ya kuwekea chini yake na moja ya kuwekea chini ya ile ya ndani ya zamani.